Malori Matano Juu ya Daraja la Lori Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako ingawa moyoni nimeshaamua, mimi ni fundi sanifu wa barabara hapa Tabora, na ofisini nimepewa kukagua hesabu za daraja la mbao linalojengwa kwa kujitolea njia ya Usinge, na mwenyekiti wa kamati yake ni baba mkwe wangu, Mzee Luhende, ambaye kila asubuhi nampigia goti kumwamkia. Aliyechora amepima uzito wa lori moja likipita peke yake, lakini madereva wetu hawakubali kupita pori lile peke yao, huongozana hata matano, tena yamejaa magogo mabichi ya mninga, na wakifika kwenye mto wowote husimama wote juu ya daraja ili mautingo wateremshe ndoo kwa kamba, wachote maji ya rejeta. Nikapiga hesabu upya, nikaisomea kamati tani zote na kusema lazima ziongezwe nguzo katikati, maana yake Saba Saba daraja halifunguliwi kama ilivyopangwa. Baba mkwe akasema palepale kwamba anayepinga daraja anapinga Ujamaa. Mume wangu Sylvester anataka niweke saini, kisha tubandike kibao cha "gari moja moja", kana kwamba hajui madereva wa huku. Nimewaambia siweki hata wakinirudisha kwetu Kigwa, na sasa nyumbani hakuna anayenisemesha. Je, nimemvunjia mzee heshima?

Marcelina, Kanyenye

Marcelina, saini usiweke. Wanakijiji wamekata mbao zile kwa mikono yao, na anayetaka zisimame hapingi Ujamaa.

Lakini na wewe una kosa lako. Umemrushia mzee tani mbele ya watu, halafu unashangaa amekasirika. Yeye haoni tani, anaona aibu. Mpigie goti kama kawaida, kisha nenda naye kwenye daraja lingine la njia hiyo awaone madereva wakichota maji. Mwulize siku ya sherehe malori yenye wageni na ngoma yatapita moja moja au yataongozana. Atajijibu. Hapo mwombe yeye mwenyewe aite watu wakate miti ya nguzo, mfungue kabla ya mvua za Novemba.

Sylvester aache kujificha nyuma ya kibao. Mwambie kubeba malori ni kazi ya daraja, na kumtuliza baba yake ni kazi yake. Wakikurudisha Kigwa, nenda na kalamu yako.