Vaze ya Maua ya Zambarau

Jumanne, 8 Januari 2002

Nimeipata! Vaze ya kioo, ya kuwekea maua, kijani, ndefu na nyembamba, maua ya zambarau yamechongwa ubavuni. Ilikuwa ya mzungu wa zamani, mwenye shamba la kahawa Rutshuru. Bulonza, muuza chupa, alitaka kuiwekea mafuta ya mawese! Niliigonga na kucha — ililia vizuri. Sasa ninazo kumi na mbili. Farida alicheka, akasema mimi nimeoa vioo, yeye ni mugeni tu hapa nyumbani. Bibi yangu ana mudomo!

Alhamisi, 17 Januari

Naandika Gisenyi, ngambo ya mupaka, Rwanda, barazani kwa duka la watu. Mulima wa moto umepasuka. Moto umeshuka mpaka katikati ya muji wetu, Goma.

Mchana Farida alifunga muzigo, akasema twende. Nikamwambia atangulie na majirani, nitamufuata. Nikafanya kama tulivyofanya 96 na 98, waasi walipokuja: nikachimba nyuma ya nyumba, nikafukia vaze kumi na moja, nimezifunga na vitenge vyake vya arusi. Ile ndefu haikuenea shimoni. Nikairudisha mezani, nikarudi nyuma kufunika shimo. Nikazunguka mbele, bila kuingia tena nikatia kadenasi, kufuli letu kubwa, kwa mulango — tuna mulango mumoja tu — nikakimbia. Wezi hawakosi hata siku ya moto. Mulima ulinguruma, sikusikia hata miguu yangu mwenyewe.

Farida simuoni.

Ijumaa, 18 Januari

Jirani yetu Zéphirin yuko hapa. Ana muzigo wa Farida! Anasema walifika naye mpaka rond-point, pale barabara zinapozunguka, akamwachia, akarudi. Eti anaenda kumutoa ule muzee kwa vioo vyake. Muzee ndiye mimi.

Alinikosa, basi akashika njia ya Sake. Wengi walipita huko. Lazima alipita huko.

Jumapili, 20 Januari

Nimevuka, nimerudi Goma. Parsele yetu, kiwanja na nyumba, ni jiwe jeusi, bado linatoa moshi, linachoma viatu. Hata bati moja sioni. Kufukia vaze chini, kama vile moto ni askari! Mujinga mimi. Waasi wanaotutawala wanasema kila mutu arudi kwake. Kwake wapi?

Jumatano, 23 Januari

Mugunga, kwa njia ya Sake. Nimeulizia Farida toka asubuhi, kila penye watu. Kisha nikaona mama mumoja, Philomène, anawanywesha watoto wake maji. Na vaze yangu! Kijani, maua ya zambarau. Nilitaka kuruka kwa furaha. Kama Farida aliitoa, basi yuko muzima!

Nikamuuliza aliyemupa yuko wapi.

Aliniangalia sana. Akasema alikuwa anakimbia na watoto, mama fulani akamuita dirishani. Akaipitisha katikati ya vyuma. Alisema: mupe bwana wangu Djibril, ataijua, arudi haraka, nimefungiwa na kadenasi. Philomène aliigonga ile kadenasi na jiwe, mara tatu, ine. Watoto wanalia. Moto ukaingia barabarani.

Nikamuuliza kama palibaki mutu mwingine, mwanaume, mwenye nguvu. Anasema hakugeuka tena. Pole, Papa.

Alitaka kunirudishia vaze. Nikakataa, watoto watanywea nini?

Ufunguo ninao, katika mufuko wa suruali. Uko humo tangu Alhamisi.