Koti la Kupigia Dawa

Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka Njombe nikiwa kama ndotoni, naomba unishike mkono. Nalima viazi, nilianza na robo eka ya kukodi sasa ninazo eka nne zangu, hakuna aliyenibeba, na kila Alhamisi niko Makambako kupakia magunia kwenye malori. Mwanangu Peace ana miaka mitatu, Januari mpaka Juni ameugua mara tisa, mafua, kifua, majipu, likitoka hili linaingia lile, ndipo mama mkwe akamchukua kwake Ipelele na sasa wiki ya saba hajakohoa hata mara moja. Nilipomfuata akaniambia, "Kwako tisa, kwangu sifuri. Si unajua hesabu wewe?" Wifi yangu Vestina akacheka. Iliniuma, maana mtoto namlisha maziwa, mayai, parachichi, na chanjo zote amepata. Asubuhi napiga dawa, bomba mgongoni, inatoka nyeupe na ukungu unashuka mweupe mpaka sijui kipi ni kipi, natembea kama nimebebwa, nasikia utamu kooni, na mwisho wa tuta, ingawa yuko Ipelele, namwona Peace amejifunika koti langu la kupigia dawa, lile zito la mtumba, kwa sababu nikiwa Makambako alikuwa halali bila hilo, anasema linanukia mama. Nataka nimpelekee asinisahau. Nipeleke koti, au niende na mjumbe nimdai mtoto wangu?
Mama Peace, Njombe

Mama Peace, pole sana. Ila wewe mtu wa hesabu umeruka kitu kimoja: koti. Mtoto amelala akivuta dawa ya viazi. Mwili una kinga yake, na baadhi ya sumu hizi zinaweza kuidhoofisha au kuivuruga, hasa kwa mtoto ambaye kinga yake bado inajengeka. Sisemi yote tisa yametoka humo, mimi si daktari. Mpelekeni hospitali ya Ikonda, na ubebe lebo za dawa zote unazopiga.

Koti usipeleke, na mjumbe mwache kwake. Mama mkwe ana mdomo, lakini amekulelea. Koti likae kibandani shambani, lifuliwe kwenye beseni lake, nawe uoge kabla ya kumshika mtu. Vaa barakoa inayofaa na glavu. Huo utamu kooni si ndoto, mama, ni dawa inakuingia.

Alhamisi hii malori yatasubiri. Nenda Ipelele umeoga, umejifunga kitenge kinachonukia sabuni tu, lala naye siku mbili, kisha mwachie hicho kitenge. Atajifunza upya mama ananukiaje.