Mama Anasema Aliendelea Kuongea

Kisesa, Magu,
Mwanza.
17 Novemba 2024

Mpendwa kaka Alexander,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na wifi Johanna na mtoto wetu Masele, ambaye naambiwa ameshaanza kutembea. Je, baridi imeingia huko? Mwaka jana majira kama haya kifua kilikusumbua sana, hivyo jifunike, usijifanye kijana. Sisi huku tunapumua. Kusema hatujambo siwezi, nitakuwa nimeanza kwa kukudanganya.

Mvua imechelewa, na mahindi ya mama kule bondeni yamenyauka yakiwa bado mafupi. Mjomba Ngosha amepona mguu, anatembea bila fimbo na amerudia ubishi wake. Nimeanza na hayo kwa sababu mazuri ni machache.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu nikianza kulia unasema mtandao mbaya. Meseji zangu unazijibu kwa mkato: upo safarini, upo kwenye maonyesho, tutaongea. Ndiyo maana nimempa barua hii Selina, binti wa mwalimu Chenge, anayerudi huko masomoni. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka ameona umeifungua.

Umesikia vipande vipande. Naomba leo usikie yote, tangu ile siku filamu yako ilipoonyeshwa hapa mjini.

Siku ile Ng'washi alikuwa na furaha kama bibi harusi. Unamjua mdogo wetu akiamua kupendeza. Alijishonea gauni la kitenge cha bluu, akaliachia nafasi kubwa mbele kwa ajili ya tumbo. Viziwi wenzake aliosoma nao walikuja Nyamagana kutoka kila upande, ukumbi ukajaa, mikono inaongea huku na huku. Shemeji yako Shigela alifunga karakana yake ya useremala kwa ajili ya mkewe, akaja amevaa shati jeupe, na unajua yeye na shati jeupe hawapatani. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya presha. Mimi nilikaa pembeni ya Ng'washi. Taa zilipozimwa alinigusa goti, akaniambia kwa alama, "Leo wataijua familia yangu."

Ilianza vizuri. Watu walicheka pale Ng'washi anapogombana na mteja aliyeleta kitambaa kifupi akataka gauni refu. Halafu ikafika pale mama amekaa uani anakuhadithia ile homa ya uti wa mgongo iliyomchukua Ng'washi masikio utotoni. Ng'washi yuko ubavuni kwake anamenya karanga. Mama anaongea Kisukuma, na chini ya picha yanapita maandishi ya Kiswahili.

Najua kwa nini uliyaweka yale maandishi. Uliyaweka kwa ajili yake, ili kwa mara moja katika maisha yake afuate mazungumzo ya nyumbani kwake bila kumvuta mtu nguo na kuuliza wanasema nini. Ulikusudia wema. Lakini kaka, hukukumbuka kwamba akiweza kusoma atasoma yote?

Yakapita yale maneno: "Daktari aliposema akipona hatasikia tena, nilimwomba Mungu amchukue. Nilisema heri nimzike kuliko nimlee hivyo. Asubuhi akafungua macho, nikalia. Sikulia kwa furaha."

Halafu ukaweka ziwa. Maji yanapiga mawe ya Igombe, yanapiga, yanapiga, hakuna anayesema kitu.

Ukumbi mzima ulikuwa umesoma kwa pamoja. Wakageuka wote wakamtazama. Sijapata kuona macho mengi namna ile yakimwangukia mtu mmoja. Ng'washi hakulia. Aliyatazama yale maji mpaka yakaisha, akainuka ameshika tumbo, akatoka. Nilimkimbilia, nikamshika bega pale mlangoni. Akautoa mkono wangu akasema, "Wewe unasikia. Rudi kwa wenzako."

Tangu hapo hajakanyaga Kisesa. Alibadilisha namba ya simu. Kliniki walipotaka ndugu wa karibu aliandika Shigela peke yake. Nesi akamwandikia kwenye karatasi, mama yako je? Akajibu kwa maandishi, Sina.

Mama sikumficha, angejua tu. Nilimweleza yote. Kesho yake akavaa vizuri, akafunga kilemba, akaniambia, "Sabina, nipeleke kwa mwanangu."

Tulimkuta Ng'washi Buhongwa, barazani kwake, yuko kwenye cherehani. Hakuinuka wala hakutufukuza. Mama akakaa juu ya ubao wa Shigela. Mimi nikasimama katikati yao kutafsiri, maana unajua mama alama zake ni zile za jikoni tu: kula, njoo, lala, wageni wamekuja.

Ng'washi akauliza, "Ulisema au hukusema?"

Mama akasema, "Nilisema."

"Mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapa, karibu yangu."

"Uligeuka ukaniangalia wakati unasema?"

"Niliangalia."

"Na mimi nilifanya nini?"

Mama akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Ng'washi akamjibia mwenyewe, mikono yake ikienda polepole ili nisikosee hata neno: "Nilikuchekea. Niliona unaniangalia, nikadhani unamwambia Alexander mambo yangu mazuri."

Kaka, niliitafsiri hiyo sentensi. Mdomo huu huu ndio uliomwambia mama.

Mama aliteremka kwenye ubao akapiga magoti. Akasema, "Mwambie niliendelea kuongea. Mwambie siku ile sikuishia pale. Nilimwambia Alexander kwamba baada ya kulia, mtoto aliomba maji kwa mkono, nikampa, akanishika kidole hakukiachia. Nikamwambia Mungu, ile sala ya jana nimeifuta, usiisikilize. Na tangu siku hiyo naifuta kila ninapomwona. Nilisema hivyo. Alexander alisikia."

Nikatafsiri. Ng'washi alitazama mikono yangu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbona mimi niliona maji?" Halafu akanigeukia mimi: "Ulikuwepo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile nilikuwa sokoni na vitenge vyangu.

"Basi huna la kushuhudia. Ninyi wenye masikio mkitaka kumnyamazisha mtu mnasemaga chochote." Akarudi kwenye cherehani yake. Tulikaa mpaka jua likatukuta barazani, hakuinua tena uso.

Wiki iliyopita Ng'washi naye presha ikampanda, miguu ikavimba, madaktari wakaamua kumpasua. Namshukuru Mungu, wote wako hai. Ni mtoto wa kike, kaka. Amechukua paji lako la uso, utacheka ukimwona. Hajapewa jina.

Shigela, ambaye ana moyo ambao mimi sina, alimwomba mkewe amruhusu mama aingie wodini. Alimwomba siku nzima. Mwishoni Ng'washi akakubali kwa kichwa. Mama akaingia ametembea kwa vidole kana kwamba yuko kanisani. Akamsogelea mtoto, akainama. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushukuru.

Sijui nini kilimwingia. Nadhani hata yeye hajui. Aliunyanyua mkono akapiga vidole karibu na sikio la mtoto. Kta, kta. Akatulia kuona kama atashtuka.

Ng'washi aliona. Alimvuta mtoto kifuani na mshono ule mbichi, uso ukamkunjamana kwa maumivu, akamfunika kichwa kizima kwa kanga. Mkono uliobaki ukasema neno moja, na hilo mama alilielewa bila mimi kutafsiri. Toka.

Tukatoka. Pale kwenye benchi mama alivitazama vidole vyake vile viwili, akaniuliza, "Sabina, nimefanya nini tena?" Hakuna anayejua kama mtoto anasikia au hasikii, na hakuna anayethubutu kuuliza.

Sasa Ng'washi ameamua. Mshono ukikauka wanahamia Sengerema kwa kaka yake Shigela, na ameapa kwamba mtoto hatakuja kuijua nyumba hii. Amemwambia mumewe, "Huyu akikua hasikii, bibi yake atamwombea kifo. Akikua anasikia, bibi yake atamwambia ashukuru Mungu hakuwa kama mimi."

Na mama anaisha, kaka. Uji anaacha, ugali hautazami, vidonge vya presha amevisukuma chini ya godoro akidhani sijaona. Analala ameelekea ukutani. Shangazi Rose amehamia hapa ili tusaidiane, kwa sababu peke yangu nimeshindwa. Kila nikirudi kutoka sokoni swali ni lile lile: "Alexander amesema nini?" Nami namwambia yuko safarini.

Mara ya mwisho kwenye simu ulinijibu, "Sabina, filamu imekwisha, na ule ni ukweli wake mama." Sikatai, ni ukweli. Najua pia watu wa huko walisimama wakapiga makofi. Lakini wao waliinuka wakaenda makwao. Sisi ndio tunaoishi ndani yake. Ulimwonyesha Ng'washi kipande kifupi kisicho na maandishi, akakutolea dole gumba, ukahesabu ameridhia. Ameridhia nini, kaka? Aliridhia kuonekana. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kujua.

Sikuombi uifute filamu. Wala sikuombi uje, ingawa ungekuja ningelala mlangoni kwako kwa shukrani. Naomba kitu kimoja. Ile siku ya uani ulirekodi muda mrefu, mama anasema mpaka karanga zikaisha kumenywa. Tafuta hiyo picha nzima, tangu mama anapolia mpaka anapoinuka, usikate hata pumzi, uweke maandishi ya Kiswahili kama ulivyofanya, unitumie. Nitaipeleka mimi mwenyewe wodini. Hata kama picha ni mbaya, hata kama kuku wanapita mbele. Tafadhali, kabla hawajavuka kwenda Sengerema.

Usidhani Ng'washi hataangalia. Juzi Shigela alikuja sokoni, akaniandikia kwenye simu yake, ili wateja wasisikie, kwamba mkewe ana ile filamu na anaiangalia akiwa kitandani. Anaipeleka pale pale, mama anamaliza kusema, maji yanaingia, anarudisha. Anautazama mdomo wa mama kabla maji hayajaingia, kama unabaki wazi au unafumbwa. Shigela akaniandikia, "Anatafuta." Nikaacha wateja wamesimama, nikaenda kulia nyuma ya vitenge.

Shangazi Rose anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Mjomba Ngosha anakusalimu pia, anauliza kama huko unapata dagaa. Mwalimu Chenge na jirani Evelina wanakutakia heri. Nisalimie sana wifi Johanna, umbebe Masele mgongoni umwambie shangazi zake ni wawili na wote wanamuwaza. Mungu akulinde katika safari zako, akulainishe moyo, akupe muda wa kukaa chini ukafungua hayo makasha yako ya picha.

Limebaki jambo moja, na hili lisome ukiwa peke yako.

Mama ni mzee. Amelirudia hili jambo mara nyingi mno tangu tutoke Buhongwa, na kila mara maneno yanaongezeka kidogo. Siku nyingine mtoto alishika kidole, siku nyingine alishika kanga. Sijui kama anakumbuka aliyosema au anasema anayotamani angekuwa ameyasema. Mimi sikuwepo. Ng'washi alikuwepo lakini hakusikia. Duniani kote anayejua ni wewe.

Kwa hiyo kama umetafuta na yapo, tuma upesi. Na kama umetafuta na hayapo, kama baada ya yale maneno mama alinyamaza tu akaendelea kumenya karanga, niandikie mimi. Mama usimwambie. Nitaendelea kumwambia uko safarini.

Wako akupendaye, hata leo,
mdogo wako,
Sabina