Viatu vya Kurukia Sebuleni

Kitengela, Jumanne

Ati mimi, niliyeswaga ng'ombe kutoka Rombo mpaka Kisaju na akala za tairi, leo nafundishwa kuvaa viatu.

Daktari aliambia msichana wangu Naserian goti langu linataka mazoezi. Sasa kila asubuhi napanda kibao cha mazoezi na kushuka hapa sebuleni, nikifuata mama mmoja kwa video ya simu anayepiga kelele kama mtu wa mnada. Jana nikishuka kwa kando, akala zikateleza kwa sakafu, nikalala chini. Naserian amesema nikianguka tena, sirudi Kisaju kwa ng'ombe zangu.

Leo tukaenda dukani. Mama muuzaji, profesa wa miguu ya watu, akanipa raba laini kama mandazi. Nikazikunja na mkono mmoja.

"Hii ni viatu ama ni soksi?"

"Basi ruka nayo, mzee."

Niliruka kama moran. Duka lote likageuka kuniangalia.

"Hiyo ni ya kwenda juu," akasema. "Kwa kibao unaenda kando pia. Chukua hii ngumu, imeshika kisigino."

Nikainunua. Iko na mistari ya zambarau. Asante sana.

Lakini jana nilipoanguka niliogopa. Naandika kwa daftari hii kwa sababu Naserian haisomi. Bila ng'ombe sijui nitakuwa naamka kufanya nini.

Jioni nimepanda na kushuka mara ishirini. Goti halikuuma.

"Papa, viatu ni nzuri?" Naserian akauliza.

Nikamwambia viatu ni vibaya kabisa, ni miguu yangu inavibeba.