Maji ya Zambarau

Jadida, Wete, Pemba

Kwa dada yangu mpenzi Mariamu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, na baada ya salamu nakuuliza hali yako na hali ya huyo uliyembeba. Najua hupendi atajwe kabla hajazaliwa. Nimemtaja. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na lile jino lililokuwa likinitesa limeng'olewa na fundi mmoja sokoni aliyenikalia kifuani kana kwamba anataka kunichinja. Karafuu mwaka huu ni nyingi, mvua zinatuchezea, na watu ni wajinga vilevile kama nilivyokuandikia katika barua zangu zote.

Barua hii anakuletea Filipo, yule wa kijiji cha ng'ambo ya mto, ambaye anarudi nyumbani kwa sababu mkono wake wa kushoto umevunjika. Usimuulize umevunjikaje, maana atakuketisha mpaka chakula kiungue. Nitakueleza mimi.

Kwanza nianze na neno lako. Ulipoandika mimba yako ilikuwa na miezi mitano, sasa naona ni mwezi wa nane. Uliniomba moja kati ya mambo mawili. Nikutafutie hirizi kwa waganga wa Pemba, kwa kuwa huko kwetu Bonde kila mtu anaamini kwamba dawa zinaota hapa kama magugu. Au, nisipotaka hilo, nije nikae nawe mpaka ujifungue, kwa sababu wawili wa kwanza walizikwa mimi sipo.

Nikakujibu kwa kadi. Upande mmoja niliandika maneno ya Bwana juu ya ndege wa angani ambao hawapandi wala hawavuni na Baba yao huwalisha. Upande wa pili nikaandika kwamba mwenye kuogopa namna yako imani yake ni haba, na kwamba binti wa mwalimu wa dini kuomba hirizi ni kumtia aibu marehemu baba kaburini. Juu ya kuja kwangu sikuandika neno. Nikaisoma mara mbili, nikaona imetoka vizuri. Herufi zangu zilikuwa nzuri mno siku ile. Tangu hapo hujaniandikia.

Sasa sikiliza niliko. Mimi ni karani wa kukausha karafuu katika shamba la Bwana Seif, Mwarabu mmoja mtu wa haki ambaye shamba lake liko njia ya Wingwi. Asubuhi tunamwaga karafuu juu ya majamvi uwanjani, nami nasimama na penseli yangu na kutazama mbingu. Wingu likitokea upande wa kisiwa cha Fundo napiga debe, na watu wote wanakimbia kukunja majamvi, kwa sababu karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka hupauka na kuharibika. Hiyo ndiyo kazi yangu kutwa. Nalipwa ili niogope mvua kwa niaba ya Bwana Seif. Usicheke bado.

Wachumaji wengine ni wenyeji wa Wingwi, na wengine ni watu wa bara, Wakristo kama sisi. Hawa wa bara ndio walionichosha. Walishuka melini uchawi wa Pemba ukiwa tayari vichwani mwao, wenyeji hawajawaambia hata neno moja. Mmoja hali pweza mpaka amwone muuzaji naye anakula. Mwingine akiulizwa jina na mtu asiyemjua hutaja la shemeji yake, ili likichukuliwa lichukuliwe hilo. Filipo yeye hakuwa akipanda mkarafuu kabla hajauzunguka mara tatu. Mtu mzima, ana mke, anazunguka mti kama kuku aliyefungwa kamba. Halafu Jumapili wote wanaketi kwenye kibanda cha ibada na kuimba kwamba hawaogopi kitu.

Anayewaongoza ni Mwalimu Barnaba. Huyu nilimdharau siku ya kwanza, wala sikuona haja ya kungoja ya pili. Ni mfupi, sauti yake nyembamba, na hachukui hatua bila mwavuli wake, jua liwe kali au lisiwe. Kila Jumapili anasoma yale yale ya ndege wa angani. Mimi nikiketi nyuma nautazama ule mwavuli, nacheka moyoni.

Basi siku moja Filipo aliuzunguka mti wake mara tatu, akapanda, akaanguka. Tawi la mkarafuu halipindi, linakatika tu, na yeye alikuwa amekwenda mpaka nchani. Mkono ukavunjika. Kesho yake watu wa bara hawakupanda. Walikaa chini na vikapu vyao, wakasema mti ule una mwenyewe, na huenda yote ina wenyewe. Watu wa Wingwi nao walishtuka, lakini walikwenda kwa shehe wao, akawaandikia kombe. Hujui kombe. Shehe huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ile aya ikaoshwa kwa maji, na mgonjwa au mwenye hofu akayanywa yale maji. Wakanywa, wakamshukuru Mungu, wakapanda.

Wetu walipoona hayo wakamwendea Barnaba. Wakamwambia, "Mwalimu, wenzetu neno lao linanyweka. La kwetu je?"

Barnaba akawasomea habari ya ndege. Wakasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, wakamuuliza tena.

Nadhani umekwisha jua alichofanya. Alikuja uwanjani akaniomba penseli, nikampa bila kuuliza. Akachukua sahani ya bati yenye rangi nyeupe, akailowesha, akaandika maneno ya ndege wote wa angani kuuzunguka ukingo na ya maua yote ya kondeni katikati, akayaosha kwa maji ya mtungi, akawanywesha kwa kikombe. Lakini penseli yangu ni ile ya karani, ambayo ikilowa hugeuka zambarau, na rangi yake ikishika ngozi haitoki. Dada, nilipowaona wakija walikuwa kumi na mmoja, midomo yao zambarau, meno zambarau, ndimi zambarau, na nyuso zao zimejaa utakatifu. Filipo alikunywa vikombe viwili, ingawa alikuwa amekwisha anguka.

Nilimkemea Barnaba mbele yao. Nikamwambia amelifanya Neno kuwa dawa ya tumbo, na kwamba baba yetu angemvua ualimu siku hiyo hiyo. Akanisikiliza, mdomo wake umepakaa zambarau kama wao.

"Najua, ndugu karani," akasema. "Lakini nimewasomea Jumapili nane, limeingia huku likatoka huku. Leo wanatetemeka. Nikaona niwape kitu cha kushika mkononi, mpaka nipande."

"Upande nini?"

"Mti."

Akauweka mwavuli chini. Akaikunja kanzu, akapanda mkarafuu ule ule wa Filipo, naye ni mtu anayeogopa hata kusimama juu ya kiti. Alifika penye panda ya kwanza, akaukumbatia mti, akafumba macho, akaanza kuimba. Alikaa huko mpaka watu wote wamepanda miti yao, kisha ikabidi tumletee ngazi kwa kuwa hakuweza kushuka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilipofika nyumbani nikamhadithia Bi Time, mama wa Kipemba ambaye nimepanga chumba kwake, naye alicheka akishikilia mlango.

"Kombe yataka mtu alosoma, mwanangu, tena awe na udhu," akaniambia. "Nyie mmekunywa kazi ya karani!" Kisha akanitazama. "Na huyo mwalimu wenu kapanda kweli?"

"Amepanda."

"Na weye ulokuwa wacheka, ulipanda?"

Nikamwambia mimi si mchumaji. Akasema, "Ehee," akarudi jikoni kwake.

Siku ya nne baada ya hapo ndipo ilipofika barua ya shemeji Andrea. Niliisomea uwanjani, majamvi yote yamejaa. Anasema unalala kutwa kwa amri ya mkunga. Anasema huzungumzi na mtu. Anasema ile kadi yangu hukuitupa kama alivyotaka uitupe, bali umeikunja mara nne, ukaishonea kitambaa cheusi, umeifunga kiunoni, na hata ukioga huivui. Alipokuuliza ni nini ulimjibu, "Ndicho alichonitumia ndugu yangu."

Niliyasoma maneno hayo mara nyingi. Nilikuwa nimekutukana kwa kadi, ukayavaa matusi mwilini kwa sababu hukuwa na kingine kutoka kwangu. Kuhusu mambo ya imani nilikuwa na mengi ya kumfundisha kila mtu, na kwa ajili yako sikuwa na nauli ya miguu yangu mwenyewe.

Wingu likatokea upande wa Fundo. Nililiona, sikupiga debe. Nilisimama tu na karatasi mkononi, mimi ninayelipwa kuogopa. Aliyepiga debe ni Barnaba. Alitupa mwavuli wake akalipiga kwa ngumi, akaita watu kwa ile sauti yake nyembamba, akakunja majamvi pamoja nao mpaka kanzu imelowa chapa. Karafuu zilizoharibika ni za jamvi moja tu. Kisha akaja kuketi karibu yangu, akaichukua barua, akaisoma. Mimi nilikuwa nangoja ndege wa angani, maana zamu yangu ilikuwa imefika. Hakunisomea chochote. Aliuliza tu, "Ni mkubwa wako au mdogo wako?"

"Mkubwa. Ndiye aliyenibeba mgongoni."

Akanirudishia barua. Nami nikasema kitu ambacho sikujua kama nitakisema. Nikamuuliza kama yale maji yamebaki.

"Yapo kidogo kwenye chupa," akasema. "Lakini, ndugu karani, hiyo ni penseli tu."

"Najua. Ni penseli yangu."

Nikanywa. Sasa unaweza kucheka. Yanakwaruza koo, yana ladha ya msumari, wala hayaponyi kitu. Nililia mbele ya wachumaji kumi na mmoja wenye midomo ya zambarau, na hakuna hata mmoja aliyenicheka, jambo ambalo mimi nisingewafanyia.

Tangu siku hiyo nimeyafikiri upya maneno yale ya ndege. Nimeyajua tangu utotoni, baba alitukalisha tukayakariri, na sikuwahi kuangalia aliyeyasema alikuwa wapi. Alikuwa ameketi kati yao, dada. Walikuwa wakiona uso wake. Na wale wanafunzi waliopiga kelele chomboni wakati wa dhoruba, mahali pamoja Injili inasema kwanza aliutuliza upepo, ndipo akawauliza kwa nini wanaogopa. Mimi nilianza na kuuliza, tena kwa kadi, tena kutoka ng'ambo ya bahari, na upepo nikauacha uendelee kukuvumia. Nimewadharau watu wote wa kisiwa hiki, na aliyestahili dharau alikuwa akinyolewa na kinyozi wangu, nami ndiye.

Nilipofika nyumbani Bi Time aliona ulimi wangu. Nilidhani atanicheka mpaka kesho. Nikamweleza habari yako.

"Basi umeshakunywa," akasema. "Kwenda lini?"

Nikaanza kumweleza habari za majamvi, na msimu, na Bwana Seif. Akanikatiza. "Nduguyo yu kitandani, nawe wanambia majamvi? Kamwombe ruhusa huyo Bwana Seif, au nende mie?"

Nilikwenda mwenyewe. Bwana Seif alinisikiliza, akauliza nani atatazama mbingu, nikamwambia Barnaba. Akasema sawa, ila kwanza karafuu hizi zilizomo majamvini zikauke, nimkabidhi. Ni siku chache. Barnaba ameanza kujifunza tangu jana, naye hata wingu dogo la kwenda zake analipigia debe. Watu wamekunja na kukunjua mara tano leo. Bado ni mtu wa kuchosha. Nampenda sana.

Kwa hiyo Filipo anatangulia na barua, nami naifuata kwa meli ya pili mpaka Unguja, kisha Tanga, kisha kwa miguu kama siku zote. Hirizi sileti. Mstari wa Maandiko pia sileti. Nina chupa ya kwinini, na kanga ambayo Bi Time amempa huyo mtoto. Ameniambia nikuambie ni ya kumbebea, akasisitiza neno hilo. Sijui atazaliwaje, wala sijui kama atakaa. Naogopa, dada. Nimeandika neno hilo kwa mkono wangu nami ni mtoto wa mwalimu wa dini. Mambo yakiwa mema nitakuwapo. Yakiwa kama ya wale wawili, shemeji hatalia peke yake.

Nisalimie mama, umwambie jino limetoka. Nisalimie shemeji Andrea, nimemshukuru kwa barua yake iliyonivunja. Nisalimie mama mkubwa aliyetulea, na baba mdogo wa kule mlimani, na huyo mkunga anayekulaza; mwambie nikifika nitachota maji na kupasua kuni, anitume tu. Bi Time anakusalimu sana ingawa hakujui. Mwalimu Barnaba anakuombea, kwa sauti ile ile.

Na hicho kitambaa cheusi, dada, kifungue leo. Ile kadi itie jikoni iwashie moto wa uji wako. Niliiandika kwa ukali ili nisije.

Nakuja.

Mimi nduguyo uliyembeba mgongoni,
Stefano