Ndengu Kwenye Buti ya Peugeot

Mama Mutanu,

Usifungue buti ya Peugeot, nimetega panya. ~~Mutanu afagie humo.~~ Nitafagia mwenyewe.

Asubuhi nilikufokea mbele ya wamama wa kanisa, eti uchafu wako ndio umeleta panya kwa gari ya marehemu baba. Mlipoondoka nikafungua buti. Lile gunia la ndengu nililoficha humo ili ndugu zako wasiniombe mbegu limetobolewa. Panya wamezalia ndani yake, na waya za taa wamekula.

Nimeenda Matiliku kwa dada yangu kuomba anirudishie paka wako, yule niliyemfukuza kwa kulalia viti. Sasa alale anapotaka.

Ndengu zilizopona nimezipepeta, ziko jikoni. Wapelekee ndugu zako wapande. ~~Usiwaambie zilikuwa wapi.~~ Waambie.

Baba Mutanu