Tangi Lililosogezwa

Kaka,

Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, ukuta wa jiko la mama ulianguka, na jina langu likaanguka nao. Mama ni mzima, alikuwa uani anaanika nguo. Mbwa wa jirani, aliyemwagikiwa na maji ya tangi, bado anabweka akiona ndoo.

Umewaambia watu kwamba boriti yangu ya chuma ilikuwa mbovu. Boriti iko kwenye kifusi, imenyooka, na hakuna kiungo nilichochomelea kilichoachia. Tangi nililiweka katikati ya boriti ya mita nne, iliyolala juu ya ukuta wa jiko na ukuta wa pili. Wewe ukalisogeza hadi mita moja kutoka ukuta wa jiko, ili usinunue bomba refu. Nilipokupigia simu ukacheka: "Kuta mbili, tangi moja, nusu kwa nusu. Acha woga, mdogo wangu."

Uzito si urithi, kaka, kwamba kuta zigawane sawa kama ndugu. Fanya ukuta wa jiko ndio egemeo: kilo elfu moja za tangi lililojaa, mara mita moja. Ukuta wa pili uko mita nne, kwa hiyo unasawazisha kwa kilo mia mbili na hamsini tu. Mia saba na hamsini zilizobaki zikalalia matofali ya jiko, ambayo nilikwambia yasibebe zaidi ya mia sita.

Jana nilitaka kumpigilia mama msumari wa kutundikia taa. Akanishika mkono taratibu: "Acha tu, mwanangu, nitaita fundi."

Jumapili nitakuwa kwake. Mpigie kabla ya saa nne asubuhi, umwambie nani alisogeza tangi. Utamwambia, au humwambii?

Mdogo wako, ambaye bado ni fundi